Mwanafunzi na Kazi ya Kuchora Picha za Vitabu

Leo twataka kunena nanyi, na hasa ninyi wanafunzi mliomo katika shule za Vidunda na za vijiji vilivyo chini ya milima ile, upande wa Kidodi na Mikumi hata Kilosa, juu ya kazi moja ambayo watu wengi huidhania kuwa ni mchezo wa watoto. Kazi yenyewe ni kuchora picha za vitabu. Hatuneni juu ya picha za kupamba ukuta, ingawa hizo nazo ni njema. Twanena juu ya picha ile ndogo iliyo katikati ya maneno, ambayo msomaji huitazama ili apate kufahamu lile asiloweza kulifahamu kwa maneno peke yake.

Picha ya namna hiyo ni shahidi, na shahidi wa uwongo huleta madhara. Mtoto wa darasa la pili hana nguvu za kubishana na kitabu. Akionyeshwa jembe ambalo msuka wake haukupenya kichwa cha mpini, bali limebandikwa ubavuni kama jani, atalichora vivyo hivyo katika daftari lake, ijapokuwa jembe lenyewe limeegemezwa nyuma ya mlango wa nyumba yao. Hilo ni jambo dogo. Lakini fikirini karatasi ya dawa apewayo mama asiyejua kusoma, nayo yaonyesha kwa picha kidonge kilichokatwa nusu kuwa ni cha mtoto, na kidonge kizima kuwa ni cha mtu mzima. Mchoraji akiwa mvivu, ule mkato usionekane sawasawa, mama atafanya nini? Atampa mtoto kidonge kizima, naye ameitii picha kama alivyoambiwa.

Basi mtu atakaye kuwa mchoraji wa vitabu ataanzia wapi? Wengi hudhani ataanzia mkononi. Husema, fulani ana mkono mzuri, au, mimi sina mkono wa kuchora. Sisi tulio katika kazi ya kuwafundisha walimu twaona kila mwaka kwamba mkono si tatizo kubwa. Kijana awezaye kuandika herufi zake zikakaa juu ya mstari ana mkono wa kutosha. Kinachokosekana ni jicho. Waambieni wanafunzi thelathini wachore nyumba, na aghalabu mtapata nyumba thelathini zilizo sawa: mraba mmoja, pembetatu juu yake, mlango katikati, madirisha mawili kama macho, na wengine huongeza dohani la kutolea moshi, ambalo katika Vidunda nzima ni shida kulipata. Wameitoa wapi nyumba hiyo? Wameitoa katika picha nyingine. Hawakutazama nyumba, wamekumbuka alama ya nyumba. Na mtu achoraye alama hufanana na mtu asemaye maneno ya lugha asiyoijua maana yake.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni la kutazama, na chombo chake ni kitu kimoja tu kilicho karibu. Chukueni mtungi wa maji. Uwekeni chini, nanyi mkae mbali nao kadiri ya hatua tatu. Msiguse karatasi bado. Tazameni mahali tumbo la mtungi linapokuwa pana kupita pote: je, ni katikati, au juu kidogo, au chini? Shingo yake ina urefu gani ukilinganisha na tumbo? Kinywa cha mtungi twajua kuwa ni duara, lakini kutoka hapo mlipokaa hakionekani duara. Chaonekana kama yai lililolala. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa akili husema ni duara na jicho lasema si duara, nao huisikiliza akili. Katika kuchora, lisikilizeni jicho.

Ili kulisaidia jicho kuna kipimo ambacho hakinunuliwi. Nyosheni mkono wenye penseli mpaka kiwiko kikakazika, fumbeni jicho moja, kisha sawazisheni ncha ya penseli na ukingo wa juu wa mtungi, na kwa ukucha wa kidole gumba mtie alama pale shingo inapokwisha. Mna kipimo cha shingo. Kisha kiteremsheni kipimo hicho juu ya tumbo la mtungi mhesabu: limeingia mara ngapi? Ikiwa ni mara tatu, basi katika karatasi yenu nayo iwe mara tatu, picha ikiwa kubwa au ndogo. Angalieni tu kwamba mkono usikunjike katikati ya kupima, maana ukikunjika kipimo kimeharibika. Zoezi hili kwa mtungi, kisha kinu na mchi, kisha kikapu, kisha mafiga matatu yenye chungu juu, kila siku kwa muda wa robo saa, hufanya kazi kubwa kupita siku nzima ya kuchora mara moja kwa mwezi. Katsushika Hokusai, mchoraji mashuhuri wa Ujapani aliyezaliwa mwaka 1760, katika mwaka 1842 na 1843 alikuwa akichora simba mmoja kila asubuhi, naye umri wake umepita miaka themanini, na nchi nzima yamjua.

Baada ya kuchora, ipelekeni picha kwa mtu anayekijua kitu chenyewe. Neno hili twalisisitiza kuliko mengine yote tutakayosema leo. Mwanafunzi mmoja alichora mtungi, nasi walimu tukausifu kwa vivuli vyake vizuri. Akampelekea bibi mmoja mfinyanzi. Yule bibi akaitazama picha kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, mtungi wako huu kitako chake ni chembamba mno. Ukiujaza maji utaanguka, utaniulia watoto." Hakusema neno juu ya vivuli. Kijana akarudi kuutazama mtungi, akakuta bibi amenena kweli: kitako kilikuwa kipana zaidi, lakini kwa kuwa kilikuwa gizani yeye alikikisia. Kwa picha ya mtego mwulizeni mtegaji, kwa picha ya mzinga mwulizeni mrina asali, na kwa picha ya mtoto aliyebebwa mgongoni mwulizeni mama yeyote, naye atawaambia mara moja kama nguo ile mliyoifunga yaweza kumshika mtoto au la. Msiwaulize kama picha ni nzuri. Waulizeni kama kitu hicho chaweza kufanya kazi yake.

Sasa tutoke nje ya nyumba. Wanafunzi wa Vidunda wana bahati moja ambayo wenzao wa nchi tambarare hawana, nayo ni kwamba milima yenyewe huwafundisha habari za mbali na karibu. Simameni asubuhi mahali palipo juu, mtazame kusini ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu, kwenye milima ya Udzungwa. Mgomba ulio karibu nanyi ni wa kijani iliyokoza, hata mishipa ya majani yaonekana. Mteremko wa pili una kijani iliyopauka, nayo migomba yake ni kama vitone. Mlima wa mbali hauna kijani kabisa. Ni samawati, na ukingo wake umefifia kama moshi. Tabaka hizo tatu, yaani penseli nzito kwa karibu, nyepesi kwa kati, nyepesi mno kwa mbali, zatosha kumfanya mtu aone bonde katika karatasi bapa. Mwenzenu akaaye katika mashamba ya miwa ya Kilombero, ambako nchi imelala kama mkeka, hana budi kujifunza jambo hili kwa taabu.

Na milima huwafundisha jambo jingine juu ya mwili wa mtu. Tazameni mtu anayelima katika mteremko mkali. Hasimami kama asimamavyo mkulima wa bondeni. Huelekeza uso juu mlimani, mguu mmoja umetangulia na goti lake limekunjwa, mgongo hauinami sana kwa kuwa udongo wenyewe umemjia karibu. Mchoraji wa mjini akiambiwa achore mkulima, atamweka katika nchi iliyonyoka. Picha hiyo si uwongo kwa watu wa bondeni, lakini kwa mtoto wa Vidunda yamwonyesha baba ya mtu mwingine.

Ili kumchora mtu akiwa kazini, msimwombe asimame kimya, kwani akisimama amekwisha kuacha kulima. Mchoreni upesi, kwa mistari mitano au sita: mmoja wa mgongo, mmoja wa mabega, miwili ya miguu, miwili ya mikono, na duara la kichwa. Jembe litakapopanda tena atarudi katika namna ile ile, nanyi mtaongeza mstari mwingine. Kurasa ishirini za michoro ya namna hiyo, iliyo mibaya machoni pa wageni, ni mali kubwa. Kutoka humo ndimo mtakamopata mtu mmoja wa kuingia kitabuni.

Hapo hutokea swali ambalo wanafunzi hutuuliza sana: je, ni vibaya kunakili picha za wengine? Jawabu letu si la neno moja, na walimu wenyewe hawakupatana juu yake. Bibi Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa katika Chuo cha Makerere huko Uganda katika miaka ya 1930, hakupenda wanafunzi wake waige picha za Kizungu. Huwasimulia habari ya jambo fulani la nchi yao, kisha kila mmoja alitazame kwa macho ya moyo na kulichora. Katika chuo hicho alisoma Bwana Sam Ntiro, aliyezaliwa Uchagga mwaka 1923, ambaye baadaye alikuwa Balozi wa Tanganyika katika Uingereza tangu mwaka 1961 hata 1964. Alikuwa akichora mambo ya kwao: watu wakilima, wakivuna, wakichukua pombe ya ndizi kwenda arusini. Picha moja ya namna hiyo, aliyoichora mwaka 1956, imewekwa katika jumba kubwa la sanaa la New York. Chuoni humo humo alisoma Bwana Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932. Yeye alichora habari za Bwana Yesu katika kuta za kanisa la Fort Hall, ambako sasa ni Murang'a katika Kenya, akaimaliza kazi hiyo mwaka 1959. Na mambo yote ya Injili akayaweka katika nchi ya Wakikuyu, pamoja na miti yake, vilima vyake na watu wake. Mtu aliyezoea kuiga picha za vitabu vya dini vilivyotoka Ulaya hangaliweza kufanya hivyo.

Lakini upande wa pili yuko Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, ambaye hakusoma katika chuo chochote cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, akaaga dunia mwaka 1972, na katika miaka hiyo michache alikuwa amekwisha kupata wanafunzi. Wao walijifunza kwa kuiga. Mwanafunzi hupewa kwanza kazi ya kupaka rangi ya nyuma, kisha kujaza madoa ya chui, kisha, mkono ukiwa umezoea, humchora chui mzima kama bwana wake amchoravyo. Ni namna ile ile ya fundi seremala na fundi mshona nguo, na sisi hatuwezi kuidharau, kwa sababu imelisha nyumba nyingi. Tena katika mtindo huo ametoka Bwana John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, ambaye vitabu vyake vya watoto vyenye hadithi za wanyama vimechapishwa Ulaya na kufasiriwa katika lugha nyingi. Naye hakubaki katika kuiga. Alikwenda vijijini kusikiliza hadithi za wazee, na wanyama wake wamevaa kanga na mashati, wanapika, wanauza samaki, kama watu wa kwetu.

Maoni yetu basi ni haya. Kunakili ili kuona jinsi mwenzako alivyotatua shida fulani, mathalan jinsi alivyochora vidole vinavyoshika kamba, ni kujifunza, na fanyeni hivyo. Kunakili ili usiende kutazama vidole vyenyewe ni kujiibia. Na mwenye kuijua tofauti hiyo ni mwanafunzi mwenyewe tu. Mwalimu hawezi kuiona katika karatasi.

Twataka kuwapa mfano wa mwanafunzi mmoja aliyekwenda mbali kwa kalamu yake, ingawa katika maisha yake iko sehemu ambayo sisi walimu hatuisimulii ili mwige. Bibi Mary Leakey alizaliwa London mwaka 1913. Baba yake alikuwa mchoraji, akafa mtoto angali na miaka kumi na mitatu. Shuleni hakukaa, alifukuzwa mara mbili, wala hakupata cheti. Lakini alijua kuchora, na hasa alijua kuchora zana za mawe za watu wa kale, ambazo ni ngumu kuchora kupita mtungi wetu, maana kila pigo lililoondoa kibanzi katika jiwe limeacha ukingo wake, na mwenye elimu akiitazama picha hana budi kuweza kuhesabu mapigo hayo na kujua lipi lilitangulia. Kwa ajili ya ustadi huo aliombwa kuchora picha za vitabu vya wataalamu, na kitabu kimoja kilichotoka mwaka 1934 kilikuwa cha Bwana Louis Leakey, ambaye baadaye alimwoa. Ndivyo alivyofika katika nchi zetu. Mwaka 1959 akiwa Olduvai aliona katika udongo fuvu la kiumbe wa kale ambalo habari zake zilienea duniani kote. Hatusemi kwamba kuchora ndiko kulikomwonyesha fuvu. Lakini jicho lililozoea kutofautisha ukingo wa jiwe na ukingo wa jiwe lingine halikosi kuona jino lililotokeza katika mchanga.

Nasi watu wa bara twapaswa kumkumbuka kwa kazi nyingine zaidi, ile aliyoifanya mwaka 1951 katika majabali ya Kondoa. Huko ziko picha nyingi zilizochorwa na watu wa zamani sana kwa rangi nyekundu na nyeupe: twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba. Jua, mvua na mikono ya watu vilikuwa vinazifuta. Alikaa huko miezi kadhaa akizinakili juu ya karatasi angavu iliyowekwa juu ya mwamba, mstari kwa mstari, bila kuongeza mguu uliokosekana wala kunyosha pembe iliyopinda. Kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka 1983, na mwaka 2006 majabali yenyewe yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Huko, ninyi mwulizao habari za kunakili, kunakili kulikuwa ndiyo kazi bora ya wote, kwa sababu aliyenakili alikuwa akimtumikia mchoraji wa kwanza, naye hakutaka jina lake litangulie.

Mtu mwingine atasema: ya nini taabu hii yote, na siku hizi hata mvulana mchunga mbuzi ana simu yenye kupiga picha? Ni swali la haki. Kamera huchukua kila kitu kilicho mbele yake, jani na kivuli cha jani, tawi la mti mwingine lililopita nyuma, na mdudu aliyetua. Mchoraji huchagua. Wataalamu wa mimea walipoandika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki, kazi iliyoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa na aina za mimea zaidi ya 12,000, kamera zilikuwako siku zote hizo. Lakini picha walizozitia ni za kuchorwa kwa kalamu na wino. Katika ukurasa mmoja mchoraji aonyesha tawi zima, kando yake ua lililopasuliwa, kando yake mbegu iliyokuzwa, na unywele ulio chini ya jani, mambo ambayo hayaonekani kwa mara moja hata ukiwa umesimama mbele ya mmea wenyewe.

Na milima yetu bado ina mengi ya kuchorwa. Mwaka 1979, huko Sanje, ng'ambo ya Kidatu, wataalamu walisikia msituni mlio wa mnyama wa jamii ya kima ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote cha elimu yao. Wenyeji walikuwa wakimjua tangu zamani, na jina walikuwa nalo. Leo mnyama huyo aitwa kwa jina la Sanje ulimwenguni kote, na msitu wake umo katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyowekwa mwaka 1992. Sisi hujiuliza ingalikuwaje kama katika miaka ya nyuma mwanafunzi mmoja wa huko angalimchora mnyama yule katika daftari lake, mkia, manyoya ya utosi na yote, akaandika chini yake jina walilompa wazee.

Turudi kwa msomaji wa picha, maana mchoraji aweza kuchora kweli tupu na bado asieleweke. Kiko kisa kinachosimuliwa sana, cha watu walioonyeshwa picha ya mbu aliyekuzwa akawa kama kuku, wakaambiwa wajihadhari naye. Wakashukuru, wakasema kwao hakuna mbu wa ukubwa ule, hivyo hawana la kuogopa. Kama kilitokea kweli au hakikutokea, dawa yake ni rahisi: mchoreni mbu mkubwa ikiwa lazima aonekane miguu yake, lakini kando yake mwekeni mbu mwingine wa kadiri yake, ametua juu ya kidole cha mtu. Mwaka 1960 Bwana William Hudson wa Afrika Kusini alichapisha habari za majaribio aliyoyafanya kwa picha moja: mwindaji ameinua mkuki, karibu naye yuko paa, na katikati yao, mbali juu ya kilima, yuko tembo mdogo. Aliuliza ni mnyama yupi aliye karibu na mwindaji. Wengi wasiosoma shule walijibu kwamba ni tembo, kwa sababu katika karatasi ndiye aliyekuwa karibu na ncha ya mkuki. Wako waliodhani kwamba jambo hilo laonyesha upungufu wa watu wale. Sisi twaona laonyesha zaidi upungufu wa picha ile, iliyomweka tembo mahali pa kupotosha na kuuacha umbali utegemee ukubwa peke yake. Mchoraji angalimweka tembo pembeni na kumfifiza kama mlivyoona mlima wa mbali ulivyofifia, huenda majibu yangalikuwa mengine. Kabla picha haijaingia kitabuni, mwonyesheni mtu asiyesoma maneno yake, msimwambie kitu, mmwulize tu: hapa pana nini? Kisha nyamazeni. Kunyamaza ndiko kugumu.

Sasa habari ya vifaa, na hapa tutasema upesi kwa kuwa havina gharama kubwa. Makaa ya kuchorea hutengenezwa nyumbani. Kateni vijiti vilivyonyoka, unene wa penseli, mviambue maganda, vikauke. Vipangeni katika kopo la bati mpaka vikazane, kifunikeni kifuniko kilichotobolewa tundu moja la msumari, mtie kopo katika moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma kutoka, liondoeni kopo, wala msilifungue mpaka limepoa kabisa, maana hewa ikiingia vingali vya moto vitawaka na kuwa majivu. Picha ya makaa hufutika kwa kuguswa. Wachoraji wa zamani waliinyunyizia maziwa yaliyoondolewa mafuta, na mchoraji Vincent van Gogh alitumia maziwa juu ya michoro yake ya penseli. Brashi ni kijiti kilichotafunwa kama mswaki. Kwa mistari ya kitabu, kalamu yoyote ya wino mweusi yatosha.

Neno moja la ufundi kwa wale ambao michoro yao itapigwa chapa au kutolewa nakala katika mashine ya shule. Mashine hizo hupenda nyeusi na nyeupe. Kivuli cha kijivu mlichokisugua kwa kidole kwa uzuri mwingi kitatoka kama uchafu, au hakitatoka kabisa. Basi kivuli fanyeni kwa mistari myembamba iliyokaribiana, au kwa nukta, zikisongamana penye giza na kutawanyika penye mwanga. Tena choreni picha mara mbili ya ukubwa itakaokuwa nao kitabuni, kwa kuwa ikipunguzwa makosa madogo ya mkono hupotea. Lakini mistari iliyo myembamba mno hupotea nayo, kwa hiyo kazeni kalamu kidogo kuliko mnavyopenda. Na picha ya dawa, tuliyoinena hapo mwanzo, ule mkato wa kidonge usiwe mstari tu juu ya duara. Zichoreni nusu mbili zimetengana, pana nafasi katikati, na kisu kando.

Michoro iliyokwisha msiikunje wala kuiviringisha. Iwekeni bapa kati ya mbao mbili mkaifunge kamba, mahali palipo mbali na moshi wa jikoni na palipo juu, mchwa wasifike. Na nyuma ya kila karatasi andikeni siku, mahali, na jina la kitu kwa Kividunda na kwa Kiswahili, pamoja na jina la mtu aliyewaambia kwamba ndivyo kilivyo.